Masikio ya mji wa shaba: toka nyundo za kiwanda mpaka bafle za Jumamosi

HEWA BORA, LUBUMBASHI – Jumamosi jioni, kabla giza halijaingia, bafle huwa zimeshatolewa nje. Upande mmoja kuna arusi, upande wa pili kuna nganda, na mbele kidogo watu wanaanza maombi ya usiku. Kila mmoja anapandisha sauti ili asifunikwe na jirani. Watoto hawaendi penye muziki mzuri zaidi, wanakimbilia penye sauti kubwa zaidi, na wanakaa mbele kabisa, karibu kuigusa bafle. Jumapili asubuhi, wengi huamka masikio yakilia kama nzi ndani ya chupa. Wanasema ni uchovu tu, utapita.

Kati ya waliocheza usiku huo wamo wafanyakazi wa migodi. Siku za kazi, mtu wa mgodi wa kisasa hapelekwi penye mashine ya kusaga mawe bila vizibo vya masikio. Ni vifaa vya kujikinga kama vile kofia ngumu na viatu vya chuma. Jumamosi, vizibo hivyo hubaki ndani ya mfuko wa nguo ya kazi iliyotundikwa ukutani, na mwenyewe anasimama mbele ya bafle yenye makelele yasiyopungua yale ya mashine. Lakini sikio ni lilelile. Halijui kama makelele yametoka kwa jiwe au kwa gitaa.

Kwa nini mji huu ulijifunza kuogopa makelele ya kazi bila kuogopa makelele ya furaha? Historia yake ni ndefu, na inaanza na shaba yenyewe.

Shaba na nyundo

Karne nyingi kabla Wabelgiji hawajafika, watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumiwa kama mali, na imekutwa ndani ya makaburi ya zamani. Karne ya 19, mfalme Msiri wa Wayeke alikuwa na makao yake Bunkeya, na shaba ilikuwa moja ya nguzo za biashara yake. Tangu zamani, penye shaba pana nyundo, na penye nyundo pana makelele.

Mtu mmoja aliyeandika mapema habari za makelele hayo na masikio alikuwa mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini. Kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi kilitoka mwaka 1700, na akakipanua mwaka 1713. Humo anaeleza habari za wafua shaba wa mji wa Venice. Walikusanyika katika mtaa mmoja, wakigonga shaba kutwa nzima. Makelele yalikuwa makali hata watu wengine hawakutaka kukaa pale. Ramazzini aliona kwamba wafua shaba hao walianza kusikia kwa shida, na wale waliozeekea kazini wakawa viziwi kabisa. Hivyo, miaka mia mbili kabla mji wetu haujazaliwa, mganga alikuwa ameshaandika kwamba shaba inaweza kula masikio ya anayeifua.

Mwaka 1886, mganga mwingine, Thomas Barr wa Glasgow huko Scotland, alipima masikio ya mafundi 100 waliokuwa wakitengeneza matangi makubwa ya mvuke, yale yaliyoendesha meli na treni. Fundi mmoja aliingia ndani ya tangi la chuma, na mwenzake akagonga misumari toka nje. Katika watu hao 100, Barr hakumkuta hata mmoja mwenye masikio mazima. Ugonjwa huo ukapewa jina la kazi yao.

Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière du Haut-Katanga likatoa shaba yake ya kwanza. Toka hapo mji ulikua pamoja na makelele: treni, tanuru, mashine za kupasua mawe, karakana za chuma. Bomba la moshi lenye urefu wa mita zaidi ya 150 likawa alama ya mji, na wazee wengi walihesabu maisha yao kwa zamu za kiwanda. Mwaka 1967 mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa taifa, na kampuni ikaja kujulikana kama Gécamines. Hata jimbo lenyewe liliitwa Shaba, toka mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka 1997.

Katika familia nyingi za Lubumbashi kuna babu aliyefanya kazi kiwandani au kwenye reli na ambaye, alipostaafu, ilibidi watu wapaaze sauti ili awasikie. Wajukuu walicheka, wakasema ni uzee. Mara nyingi ulikuwa uzee, lakini ndani yake ilikuwemo pia miaka 30 ya mashine.

Toka gitaa la mkononi mpaka umeme

Muziki wa mji huu ulianza bila umeme. Ngoma ya mbeni, iliyotoka pwani ya Waswahili na kuenea pamoja na askari na wafanyakazi, ilifika mpaka Katanga na mavazi yake ya kijeshi. Ngoma zililia sana, lakini zililia nje, kwenye uwanja, na mpigaji alichoka. Mkono wa mtu una mwisho.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930. Alikuwa na gitaa la mbao lisilo na umeme, vidole vyake, na sauti yake iliyoimba kwa Kiswahili. Sahani zake zilivuka mipaka, na wapiga gitaa wa Kenya na wa nchi nyingine wakajifunza kwake. Aliyetaka kumsikia Mwenda ilibidi asogee karibu na anyamaze. Watu ndio waliopunguza makelele yao ili muziki usikike.

Kisha umeme ukaja. Miaka ya 1950 bendi za Léopoldville, African Jazz na OK Jazz, zilipokea magitaa ya umeme, na redio zikapeleka sauti yao nchi nzima. Bendi yenye vipaza sauti iliweza kuchezesha watu mia kadhaa kwa mara moja. Mambo yakageuka: muziki haukungoja tena watu wanyamaze, ulianza kushindana na makelele yao.

Mfano unaojulikana zaidi ni Konono N°1 wa Kinshasa, kundi lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu miaka ya 1960. Likembe ni chombo chenye sauti ndogo, na barabarani Kinshasa haikusikika. Mingiedi na wenzake walitengeneza wenyewe vinasa sauti kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani, wakatumia na zile parapanda za kupazia sauti zilizobaki toka wakati wa wakoloni. Sauti ilitoka ikikwaruza, na kukwaruza huko kukawa uzuri wao. Dunia iliwapigia makofi mwaka 2005, albamu yao Congotronics ilipoenea. Lakini asili ya uvumbuzi huo ni barabara: mji ulipiga makelele, na mwanamuziki akalazimika kuushinda.

Lubumbashi ina karindula yake, ile banjo kubwa iliyotengenezwa kwa pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Pipa limetoka kwa makampuni, ngozi imetoka kijijini, na chombo kimezaliwa katikati. Mwaka 2009 tamasha la karindula lilirekodiwa hapa mjini kwa filamu, na watu wa mbali wakaona namna ngoma hiyo inavyowasha uwanja. Karindula inaweza kulia bila umeme. Ikiwekewa mikro, inapiga mpaka kifuani.

Leo bafle za bei nafuu zinapatikana sokoni, na hahitajiki tena bendi. Simu moja, bafle mbili na jenereta vinatosha kuamsha mtaa mzima, na vyenyewe havichoki. Hapo ndipo tofauti kubwa na ngoma ya zamani ilipo.

Wanamuziki walioziba masikio

Kuziba masikio si jambo geni. Hadithi ya kale ya Wagiriki inasimulia namna Odiseo alivyowaziba mabaharia wake masikio kwa nta wasisikie wimbo uliowaita kwenye kifo. Mwaka 1907 mfamasia Max Negwer wa Berlin alianza kuuza vizibo vya nta na pamba. Aliviita Ohropax, maana yake amani ya sikio. Vilipata wanunuzi wengi wakati wa vita vya kwanza vya dunia, maana askari waliokaa chini ya mizinga walivihitaji. Miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, watafiti wa Marekani, akiwemo Ross Gardner, walitengeneza kile kizibo cha sponji kinachobonyezwa kwa vidole kisha kinavimba ndani ya sikio. Ndicho hicho kinachogawiwa migodini leo.

Lakini vizibo vyote hivyo vilikuwa vya usingizi, vya vita na vya kazi. Kwenye muziki, kuziba masikio kulionekana kama tusi kwa mpigaji. Tarehe 31 Mei 1976, bendi ya Uingereza The Who ilipiga kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, London, na sauti ikapimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 toka kwenye vipaza sauti. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliiandika kama bendi yenye makelele kuliko zote. Baadaye Guinness waliacha kuandika rekodi ya namna hiyo, ili wasiwashawishi watu kuharibu masikio. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuja kusema hadharani kwamba masikio yake yameharibika na yanalia bila kunyamaza.

Kathy Peck, mpiga gitaa la besi wa San Francisco, aliumia masikio baada ya kupiga kwenye ukumbi mkubwa miaka ya 1980. Mwaka 1988 yeye na mganga Flash Gordon walianzisha shirika H.E.A.R. kwa ajili ya kulinda masikio ya wanamuziki na wapenzi wao, na Townshend akawa mmoja wa waliolitegemeza kwa pesa. Wakati huohuo, Marekani ilitoa kizibo kipya kwa ajili ya wanamuziki. Kizibo cha sponji hupunguza zaidi sauti nyembamba, ndiyo maana muziki husikika kama umefunikwa na blanketi. Kizibo cha mwanamuziki kina kichujio kinachopunguza sauti zote karibu sawasawa: gitaa linabaki gitaa, ila limerudi nyuma hatua kadhaa.

Leo kuona mwanamuziki mkubwa ana kitu masikioni akiwa jukwaani ni jambo la kawaida. Masikio ndiyo shamba lake. Anayelima hachomi shamba lake mwenyewe.

Namna sikio linavyoumia

Ndani ya sikio, katika kifuko kilichojikunja kama konokono, mna chembe zenye nywele ndogo sana, karibu 15 000 katika kila sikio. Sauti inapoingia, nywele hizo huyumba kama majani ya mahindi kwenye upepo, na ubongo unapata habari. Upepo ukiwa mkali, mahindi yanalala. Usiku yakipata nafuu, yanainuka tena. Lakini upepo huo ukirudi kila wiki, mengine yanavunjika. Ndege huotesha chembe hizo upya. Binadamu haoteshi. Zilizokufa zimekufa, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kinachoua ni ukali wa sauti pamoja na muda. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni hii: desibeli 85, kama za barabara yenye magari mengi, sikio linaweza kuzivumilia kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30. Desibeli 100, ambazo bafle kubwa huzifikia bila shida, ni dakika 15 tu. Arusi haiishi kwa dakika 15.

Mlio ule wa Jumapili asubuhi ni onyo. Ukipita, haina maana kwamba hakuna kilichovunjika. Uziwi wa makelele hauji kwa siku moja. Unaanza na sauti nyembamba: mtu anasikia kwamba mwenzake anasema, lakini hashiki maneno, zaidi sana penye watu wengi. Anaanza kuuliza mara mbili, kisha anaanza kukaa pembeni.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako katika hatari hiyo. Machi 2022 lilitoa kanuni kwa ajili ya kumbi na matamasha: wastani wa sauti usipite desibeli 100 kwa dakika 15, sauti ipimwe muda wote, watu wapewe vizibo, na pawe na mahali pa utulivu pa kupumzisha masikio. Nchi kadhaa zilishatangulia. Huko Ubelgiji, jimbo la Flanders limeweka sheria toka mwaka 2013, na tamasha linalopita desibeli 95 linatakiwa kugawa vizibo bure. Ufaransa iliweka mwaka 2017 mpaka wa desibeli 102, na 94 penye shughuli za watoto wadogo wasiozidi miaka 6. Sheria hizo hazikuua muziki. Watu wa Brussels na Paris bado wanacheza, na bendi za Kongo bado zinaenda kuwachezesha.

Waliofika na masikio yaliyojeruhiwa

Mjini Lubumbashi kuna familia ambazo jambo hili linazigusa zaidi. Ni zile zilizokimbia vita, wengine toka kaskazini mwa Katanga, wengine toka mashariki mwa nchi. Mlio wa bunduki ya kivita unapita desibeli 140 karibu na sikio, na kwa ukali huo hakuna hesabu ya saa wala dakika: mlio mmoja unaweza kujeruhi. Mtu aliyekuwa karibu na risasi au bomu anaweza kubaki na masikio yanayolia miaka mingi. Si mashetani, wala si uchawi wa jirani. Ni jeraha, kama kovu la mguu, isipokuwa halionekani.

Mtu huyo akipata chumba cha kupanga kando ya nganda, jeraha linaongezewa. Mara nyingi, kitu anachokihitaji kuliko vyote ni redio: kusikia kama njia ya kijijini imefunguliwa, kusikia jina la mahali alikozaliwa. Anayepoteza masikio anapoteza na habari za kwao. Mtoto naye anayesikia nusu darasani huitwa mzembe, kumbe hajasikia swali.

Kinachoweza kufanyika leo

Njia nyingine hazihitaji hata faranga. Sauti nje hupungua karibu desibeli 6 kila umbali toka kwenye bafle unapozidishwa mara mbili. Aliyesimama mita 2 akienda mita 8 amepunguza desibeli 12, na kwa hesabu ya juu, amelipa sikio lake muda mara 16. Watoto wawekwe nyuma, na mtoto mchanga asilazwe kamwe karibu na bafle, hata kama amelala. Kutoka nje kila baada ya muda kunapumzisha masikio. Makelele yakitokea ghafula, kidole ndani ya sikio kinaziba vizuri.

Pamba kavu inadanganya: inazuia sauti kidogo sana. Kizibo cha sponji ni bora, lakini lazima kivaliwe inavyofaa. Kiviringwe kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, sikio livutwe juu kwa mkono wa pili, kiingizwe, kisha kishikiliwe kidogo mpaka kivimbe. Kikikaa nje nje, hakisaidii. Kikichafuka kitupwe. Anayetoa usaha sikioni, au anayesikia mlio usiopita baada ya siku kadhaa, aende kwa mganga wa masikio. Asiweke mafuta wala majani.

Kwa wenye nganda, wenye arusi na viongozi wa maombi, kazi ni nyepesi kuliko wanavyofikiri. Bafle iinuliwe juu ya vichwa, isilengwe usawa wa masikio ya watu wa mbele. Kamba ifungwe mita chache mbele yake ili watoto wasipite. Na majirani watatu wanaoshindana wakikubaliana kushusha sauti pamoja, hakuna atakayefunikwa.

Anayeziba masikio hajakataa muziki. Kivuli cha mwembe hakizimi jua, kinamwezesha mtu kukaa nje mpaka jioni. Wazee waliofua shaba hawakupewa nafasi ya kuchagua. Walirudi nyumbani wameuza masikio yao kwa mshahara. Wajukuu wao wa Hewa Bora wanayatoa bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, na vizibo vimetundikwa ukutani.